Utando wa Kauri katika Mitambo ya Umeme: Sababu za Wembamba Wake na Namna Unavyotandazwa

Miongoni mwa mitambo inayotoa umeme bila ya injini wala kitu chochote kinachozunguka imo ile iitwayo seli ya fueli ya oksidi ngumu. Ndani yake hidrojeni au gesi asilia hupitishwa upande mmoja na hewa hupitishwa upande wa pili. Baina ya pande hizo mbili umekaa ukuta wa kauri uitwao elektroliti. Ukuta huu hauruhusu gesi kupenya, bali hupitisha ioni za oksijeni, yaani chembe za oksijeni zilizochukua chaji ya umeme. Ioni hizo zikifika upande wa fueli huungana na hidrojeni zikawa maji, na elektroni zinazoachwa hapo hazina budi kuzunguka kwa njia ya waya. Mzunguko huo ndio umeme unaotumika.

Kauri inayotumika zaidi ni zirkonia iliyochanganywa na itria kidogo. Tabia yake si jambo jipya. Mnamo mwaka 1899 mwanasayansi wa Kijerumani, Walther Nernst, alieleza kwamba mchanganyiko huo hupitisha umeme ukipata moto mkali, naye akautumia kutengenezea taa. Mwaka 1937 Emil Baur na Hans Preis wa Uswisi wakaujaribu katika seli ya fueli kwa joto la nyuzi 1000 za Sentigredi. Umeme ulipatikana, lakini kidogo, kwa kuwa kauri yao ilikuwa nene na ilizuia mkondo.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala lenyewe. Ukinzani wa ukuta huongezeka kadiri unene unavyoongezeka. Ukuta wa mikromita 150 (mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huzuia mkondo mara 15 zaidi ya utando wa mikromita 10. Kadhalika, joto likiteremshwa kutoka nyuzi 1000 hadi 700, uwezo wa zirkonia kupitisha ioni hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo anayetaka mtambo wake ufanye kazi katika joto la chini, ili aweze kuunganisha seli kwa chuma cha pua badala ya kauri ghali, hapana budi aufanye utando kuwa mwembamba. Lakini tundu moja tu likibaki, gesi na hewa hukutana, fueli huungua bure, na volti hushuka.

Njia ya mwanzo iliyoleta mafanikio makubwa ilibuniwa katika kampuni ya Westinghouse, Pittsburgh, nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Bomba la kauri lenye vinyweleo liliwekwa katika joto la nyuzi zipatazo 1200. Ndani ya bomba ulipitishwa mvuke wa maji na oksijeni, na nje yake mvuke wa kloridi za zirkoni na itri. Mivuke hiyo ilikutana kwanza ndani ya vinyweleo na kuviziba. Baada ya hapo oksijeni iliweza kufika upande wa nje kwa kupita ndani ya utando wenyewe tu, na ndiyo maana mahali palipokuwa pembamba palikua haraka zaidi kuliko palipokuwa panene. Utando ulijisawazisha wenyewe mpaka kufikia mikromita 40 hivi, bila tundu. Ni ufundi wa kupendeza kweli, ila gharama zake zilikuwa kubwa: ulihitaji vyombo visivyo na hewa, na kloridi hizo hula vyuma.

Watengenezaji wengi wakaelekea kwenye njia ya rojo. Unga laini wa zirkonia huchanganywa na kimiminika na gundi, kisha hutandazwa juu ya kibao cha oksidi ya nikeli na zirkonia kilichochomwa nusu. Kibao ndicho kinachobeba uzito, na utando hauna kazi ila kupitisha ioni. Kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, kiliiendeleza sana njia hii. Mwaka 1997 watafiti wa Berkeley, California, walionesha kwamba seli yenye utando wa mikromita 10 hivi inaweza kutoa karibu wati 2 kwa kila sentimita ya mraba katika nyuzi 800.

Ugumu wa njia hii uko tanuruni. Katika nyuzi zipatazo 1400 rojo iliyokauka husinyaa, na kibao nacho husinyaa. Visiposinyaa kwa pamoja, kimoja humpinda mwenzake au utando hupasuka. Mpako mzito nao hupasuka mapema, wakati wa kukauka tu, jambo ambalo mpaka chokaa yeyote analijua. Vumbi pia ni adui: punje ya mikromita 20 ni nene kuliko utando wote.

Iko na njia ya tatu. Kampuni ya Ceres ya Uingereza hutandaza kauri ya seria juu ya bamba la chuma lililotobolewa matundu madogo, na seli zake hufanya kazi chini ya nyuzi 650. Seria hupitisha ioni vizuri katika joto hilo, ingawa likizidi huanza kuvujisha elektroni. Tanuru nayo haiwezi kupandishwa hadi 1400, kwani chuma kitaharibika. Hivyo unga wake hutakiwa uwe wa kushikamana katika joto la chini.

Katika maabara, kipande kilichotoka tanuruni hupimwa kwa gesi ya heliamu kabla ya kupakwa tabaka la upande wa hewa. Kikivujisha kupita kiwango huwekwa kando, kwa sababu seli moja hutoa volti 1 tu au pungufu, hupangwa kwa makumi, na moja inayovuja huziharibu jirani zake.