Istilahi na Dhana katika Masomo ya Msingi ya Stashahada ya Teknolojia ya Habari

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeelekezwa zaidi kwenye majina ya vitu. Kifaa chenyewe kimeitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na kila jina limepata watetezi wake. Bao la kuandikia, kiwambo na kifaa cha kuelekezea mshale navyo vimepewa majina zaidi ya moja. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, iliyojulikana kama Jambo OpenOffice, na baadaye kampuni ya Microsoft ikatoa programu zake kwa lugha hiyo. Kazi hizo zilimfaa mtumiaji, kwani zilimpa maneno kama faili, hariri, hifadhi na chapisha. Hata hivyo, mtumiaji na mtaalamu hawahitaji msamiati mmoja. Mwanafunzi wa stashahada hakwami kwa kukosa jina la kifaa. Hukwama pale anapotakiwa kutofautisha sharti na tukio, au ufunguo wa jedwali moja na ufunguo wa jedwali jingine.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza masomo ya msingi ya stashahada hiyo kama inavyofundishwa nchini Kenya, na kuonyesha kwamba ugumu wake mkubwa umo katika maneno ya uhusiano, ambayo mengi Kiswahili kinayo tayari. Hoja inayotetewa ni kwamba uundaji wa istilahi uanzie kwenye dhana za somo, na uyatangulize maneno ya uhusiano na vitenzi kabla ya nomino.

Muundo wa masomo

Stashahada ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano imetahiniwa nchini Kenya kwa miaka mingi na Baraza la Mitihani la Kenya, na vyuo vinavyoifundisha vinasimamiwa chini ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi na Kiufanisi ya mwaka 2013. Mitaala imebadilika mara kwa mara, lakini kiini chake hakijabadilika sana. Kuna hisabati ya kompyuta na mantiki, uandishi wa programu, hifadhidata, uchanganuzi na usanifu wa mifumo, mifumo endeshi, mawasiliano ya data na mitandao, na maadili ya kazi pamoja na sheria zake. Masomo hayo yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, hata somo la stadi za mawasiliano.

Ilhali mhitimu akishaajiriwa, atakaa na karani wa chama cha ushirika, muuguzi wa zahanati au mfanyabiashara wa soko, na mazungumzo yao aghalabu yatakuwa kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mhitimu basi hulazimika kuitafsiri taaluma yake bila ya kufundishwa namna ya kufanya hivyo.

Mantiki na hisabati

Somo hili huanza na mfumo wa hesabu wa tarakimu mbili, ambamo kila namba huandikwa kwa sifuri na moja, hata kumi na tatu ikawa 1101. Kwa upande wa istilahi hakuna taabu kubwa hapa. Sifuri ni neno lililotoka katika Kiarabu na kuzoeleka tangu zamani, na algorithi, yaani utaratibu wa hatua za kutatua tatizo, ni neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9.

Taabu huanza katika viunganishi. George Boole alionyesha mwaka 1854 kwamba hukumu za mantiki zaweza kufanyiwa hesabu, na mwaka 1937 Claude Shannon akaonyesha kwamba hesabu hiyo yaweza kutekelezwa kwa saketi za umeme. Viunganishi vinavyohusika ni vitatu, ambavyo kwa Kiswahili huelezwa kwa na, au, si. Tuseme meneja wa chama cha ushirika wa maziwa anasema: “Nipe majina ya wafugaji wa Nyeri na Nyandarua.” Kila msikilizaji ataelewa kwamba anataka makundi yote mawili. Mwanafunzi akiipeleka na hiyo kwenye kompyuta kama ilivyo, kompyuta itamtafuta mfugaji ambaye kaunti yake ni Nyeri na papo hapo kaunti yake ni Nyandarua. Haitampata hata mmoja. Kiunganishi ambacho mantiki inakihitaji hapo ni au.

Neno au nalo lina sura mbili. Katika “ama chai ama kahawa” msemaji anataka kimoja tu. Katika “alete kitambulisho au pasi” hakuna atakayekataliwa kwa kuleta vyote viwili. Kiswahili kina nyenzo za kutenga maana hizo: ama … ama kwa uteuzi wa kimoja, na au kwa uteuzi ulio wazi. Kinachohitajika ni walimu kukubaliana na kuudumisha utaratibu huo darasani. Haihitajiki istilahi mpya hata moja.

Uandishi wa programu

Somo hili ndilo lenye utajiri mkubwa kwa mwanaisimu. Mwaka 1966 Böhm na Jacopini walithibitisha kwamba programu yoyote yaweza kujengwa kwa miundo mitatu tu: mfuatano, uteuzi na urudiaji. Miaka miwili baadaye Dijkstra akakemea mtindo wa kuirukisha programu kutoka mstari hadi mstari bila ya utaratibu, na ufundishaji ukaanza kuegemea miundo hiyo mitatu. Sarufi ya Kiswahili ina viambishi na maneno yanayoielekea miundo hiyo kwa karibu sana.

Mfuatano unabebwa na kiambishi -ka-: “Alikwenda sokoni, akanunua ndizi, akarudi.” Mpangilio wa vitenzi ndio mpangilio wa matendo, na ukiubadilisha umebadilisha habari.

Uteuzi unabebwa na kama, ikiwa, endapo na iwapo, ukikamilishwa na basi na la sivyo. Hapa mwalimu hana budi kujihadhari na kiambishi -ki-. Sentensi “Akija, mpe barua” yaweza kumaanisha “ikiwa atakuja” na pia “wakati atakapokuja”. Kwa kompyuta hayo ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni sharti, ambalo hupimwa programu inapofika mstari huo na kisha huachwa. La pili ni tukio, ambalo programu hulisubiri wakati wote, kama vile kubonyezwa kwa kitufe. Kiambishi -po- pamoja na neno kila hulitenga tukio bila ya utata: “Kila anapobonyeza kitufe, onyesha jumla.” Inapendekezwa basi kwamba ikiwa na iwapo vihifadhiwe kwa masharti, na kila … -po kwa matukio.

Urudiaji una namna mbili ambazo wanafunzi huzichanganya mno. Namna ya kwanza hupima kabla ya kutenda, na ya pili hutenda kabla ya kupima. Linganisha maagizo haya: “Maadamu kuna maji kisimani, teka,” na “Teka, mpaka maji yaishe.” Kisima kikiwa na maji, matokeo ni mamoja. Kisima kikiwa kikavu, mtumwa wa agizo la kwanza hatatia ndoo kabisa, na wa agizo la pili ataiteremsha mara moja ndipo agundue. Tofauti hiyo ndogo ndiyo chanzo cha makosa mengi ya programu, na maneno maadamu na mpaka yanaieleza yenyewe.

Aina za data nazo zaweza kufafanuliwa kwa kurejelea ngeli. Mzungumzaji huikataa sentensi “*Kitabu wameanguka” kwa kuwa upatanisho umevunjika; vivyo hivyo lugha nyingi za programu hulikataa agizo la kugawa jina la mtu kwa mbili. Namba ya simu ni mfano mzuri. Ikihifadhiwa kama namba ya kuhesabiwa, sifuri ya mwanzo hupotea, kwa sababu katika hesabu sifuri hiyo haina thamani. Haina budi kuhifadhiwa kama mfuatano wa alama. Ulinganisho huu una mpaka wake: ngeli zimeundwa na historia ya lugha na maumbo ya maneno, ilhali aina ya data huamuliwa na matendo yanayoruhusiwa juu yake.

Hifadhidata

Msingi wa somo hili uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM. Alipendekeza kwamba data ipangwe katika majedwali, na mahusiano baina ya majedwali yaonyeshwe na data yenyewe. Turudi kwenye chama cha ushirika. Ikiwa kila mara mfugaji anapoleta maziwa karani huandika jina, namba ya simu, tarehe na lita, basi mfugaji wa kila siku ataandikwa jina na simu mara mia tatu na zaidi kwa mwaka. Akibadilisha simu, kumbukumbu zake zitaanza kupingana. Suluhisho ni majedwali mawili: moja la wafugaji, ambamo kila mmoja ameandikwa mara moja na kupewa namba yake ya pekee, na jingine la maziwa, ambamo namba hiyo tu hutajwa pamoja na tarehe na lita.

Namba hiyo katika jedwali la kwanza huitwa ufunguo msingi, na istilahi hiyo inafaa. Katika jedwali la pili, wapo wanaoiita ufunguo wa kigeni, kwa kulitafsiri neno la Kiingereza sisisi. Tafsiri hiyo humpoteza mwanafunzi, kwani hakuna ugeni wowote unaokusudiwa. Kazi ya namba hiyo ni kurejelea safu iliyo katika jedwali jingine. Ufunguo rejelezi ungeeleza kazi hiyo na kuioanisha na kitenzi rejelea, ambacho mwanafunzi anacho. Mfano huu unaonyesha kwa nini istilahi itafutwe kutoka kwenye dhana, wala isichukuliwe kutoka kwenye umbo la neno la lugha nyingine.

Uchanganuzi wa mifumo

Mchanganuzi huwahoji watumiaji, akaandika mahitaji yao, kisha akasanifu mfumo. Hapa lugha ndiyo chombo cha kazi chenyewe. Mama aliyeambiwa arudi zahanati saa mbili asubuhi lazima aingizwe kwenye mfumo kwa saa 08:00, kwa sababu Waswahili huhesabu saa tangu kucha, na mashine huhesabu tangu usiku wa manane. Siku nayo ina utata: kwa hesabu ya kimapokeo ya pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na ndiyo sababu wasemaji hulazimika kusema “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Hali kadhalika, fomu yenye nafasi ya “jina la baba” yaweza kujazwa jina la baba mdogo au baba mkubwa na aliyehojiwa asione kosa lolote. Mchanganuzi asiyeyajua hayo ataunda mfumo usio na kasoro kwenye karatasi, lakini wenye kumbukumbu za uongo.

Mifumo endeshi, mitandao na sheria

Masomo ya mifumo endeshi na mitandao yana istilahi zilizokwisha tulia kwa kiasi: mchakato, foleni, kumbukumbu, tabaka, itifaki. Neno itifaki, lenye maana ya makubaliano, linafaa kuliko mkopo wowote, kwani kanuni za mawasiliano zilizoanza kutumika kwenye mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983 ni makubaliano hasa. Vilevile, matabaka saba ya kielelezo kilichotolewa mwaka 1984 na shirika la kimataifa la viwango hufafanulika kwa urahisi kwa mfano wa barua na bahasha zake, kila tabaka likiifunga barua kwa bahasha nyingine.

Somo la sheria ndilo linaloonyesha uzito wa suala zima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mwenye data iwe ya wazi, ya hiari, mahsusi na ya mtu aliyefahamishwa. Mkulima anayetia kidole chake kwenye fomu ya Kiingereza ambayo hakuielewa hawezi kusemwa kuwa amefahamishwa. Mhitimu wa stashahada ndiye anayetarajiwa kumweleza ni data gani inachukuliwa, kwa nini, na nani ataiona. Akikosa lugha ya kuyaeleza hayo, haki iliyotungiwa sheria hubaki kwenye karatasi.

Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, istilahi zikusanywe somo kwa somo, ili dhana zinazotegemeana zipewe maneno yanayotegemeana. Pili, viunganishi, viambishi na vitenzi vishughulikiwe kabla ya nomino, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba mantiki ya taaluma. Tatu, kila istilahi ijaribiwe na wanafunzi kabla ya kuchapishwa, kwa kuwapa maagizo kama yale ya kisima na kuona kama wanayatekeleza sawasawa.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanaisimu peke yake, wala na mwalimu wa kompyuta peke yake. Wa kwanza anajua -ki- inavyotumika lakini huenda hajui kwa nini programu imekwama. Wa pili anajua programu imekwama lakini huenda hajui kwamba kosa lilianzia kwenye -ki-. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kuanzisha mazungumzo hayo, hasa kwa kuwa vyuo vya ufundi havina idara za namna hiyo.