Mwanga Juu ya Mafuriko: Kuisoma Picha ya Sisley

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna kaugonjwa ketu: tukipewa kazi ya sanaa, mbio tunaulizana, "Maudhui yake nini?" Fani tunaiachia aya ya mwisho. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipokutana kitabuni na picha ya Alfred Sisley iitwayo Mafuriko huko Port-Marly.

Sisley aliichora mwaka 1876, mto Seine ulipofurika katika kijiji hicho kilichoko magharibi ya Paris. Kushoto imesimama nyumba ya mwuza mvinyo, imezingirwa na maji. Palipokuwa na barabara sasa pana mashua. Nikajiuliza: hivi kilio kiko wapi? Watu wamefikwa na maafa, yeye anatuchorea mawingu! Nikamwita mkwepaji wa ukweli.

Lakini hebu tuitazame tena, ndugu msomaji. Anga imechukua sehemu kubwa ya picha, na maji yaliyo chini yake yameazima rangi za anga hiyo hiyo. Mawingu yameutawanya mwanga, kwa hiyo hakuna kivuli kikali. Maji nayo hayakupakwa rangi moja. Ni mipigo mifupi ya brashi iliyolazwa kando kando. Ukisogea karibu waona madoa tu. Ukirudi nyuma, jicho linayaunganisha, na maji yanaanza kucheza. Waimpreshonisti, waliofanya maonyesho yao ya kwanza Paris mwaka 1874, waliweza kuufuata mwanga huko huko nje kwa urahisi, maana vibomba vya bati vya kubebea rangi ya mafuta vilikwisha kubuniwa mwaka 1841.

Sasa uondoe mwanga huo. Kinabaki nini? Nyumba na maji, habari ya gazetini basi. Mwanga ndio unaotuambia kwamba dhoruba imepita, maji yametulia, na wenyeji hawana la kufanya ila kungoja yapungue. Kungoja huko nako ni maafa, ila hakupigi kelele.

Kwa hiyo naifuta kauli yangu. Nilikuwa nikiyatafuta maudhui nyuma ya mwanga, kumbe yamo humo humo ndani yake. Na kama ni hivyo kwa mchoraji, je, tutaendelea kuandika kwenye mitihani yetu kwamba vina na mizani ni mapambo tu ya shairi? Mimi nimeacha. Wenzangu mnasemaje?