Kumtambua Kulastara wa Madagaska: Somo la Kutazama

Mwalimu anayewapeleka watoto nje kutazama ndege hukabiliwa mara moja na swali: "Mwalimu, yule anaitwaje?" Akilijibu kwa haraka, kutazama kumekwisha. Kulastara wa Madagaska anafaa sana kulionyesha jambo hili.

Ndege huyu, wa jamii moja na yangeyange, huzaliana katika visiwa vya Madagaska, Aldabra, Mayotte na Europa tu. Baina ya Mei na Oktoba wengi wao huvuka bahari na kukaa Afrika ya Mashariki na ya Kati, kwenye vinamasi, kingo za mito na mashamba ya mpunga. Wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa kuwa huko kwao vinamasi vimegeuzwa mashamba, na mayai na makinda yao huchukuliwa na watu.

Shida ni kwamba hapa petu yuko nduguye, kulastara wa kawaida, anayeonekana mwaka mzima. Wakisimama, wote wawili ni wa kahawia wenye michirizi kifuani. Wakiruka, wote hufunua mabawa meupe. Kwa hiyo mabawa hayo, ambayo bila shaka mtoto atayataja kwanza, hayasaidii kitu. Kitazamwe kifua: michirizi ya mgeni ni mipana na ya rangi nzito zaidi, nayo hujitokeza waziwazi juu ya weupe. Mgongo wake ni wa kahawia iliyoiva, ilhali wa mwenyeji umefifia kama mchanga. Mdomo wake pia ni mnene zaidi. Manyoya meupe pe na mdomo wa buluu ni mavazi ya msimu wa kuzaliana kisiwani, tusiyategemee hapa.

Darasa la Shirimatunda laweza kuteremka hadi mashamba ya mpunga ya Mabogini, asubuhi, jua likiwa mgongoni. Kila mtoto achore kifua kwanza, kisha mdomo. Aandike saa, mahali, na ndege alikuwa akifanya nini. Jina liandikwe mwisho. Aliyemwona akitokomea tu aandike "kulastara, aina haikujulikana", naye apewe alama zote. Wako walimu wanaoliona jibu hilo kuwa pungufu. Sikubaliani nao: jina la kubahatisha humwongeza ndege adimu karatasini wakati majini hayupo, na wanaohesabu watadhani wangali wengi.

Safari ifanywe Julai, irudiwe Januari mgeni akiwa amekwisha rudi kwao, na michoro ya miezi hiyo miwili ibandikwe ukutani sambamba.