Mnunuzi Akigeuka Mtishaji: Tutenganishe Dai na Kitisho



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetufungulia milango ya riziki ya halali, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na bidhaa za Bibi Khadija (R.A.) akasifika kwa uaminifu.

Ndugu wasomaji, wiki hii tunawaletea jambo lililotufika huko Ronge, katika milima ya Taita. Mama mmoja, ambaye jina lake tunalisitiri, husuka vikapu vya katani kama alivyofundishwa na mama yake. Zamani vikapu hivyo vilingoja siku ya soko Mwatate. Siku hizi hupiga picha, akaitia kwenye WhatsApp na Facebook, na akipata mnunuzi wa mbali, mzigo hupakiwa kwenye matatu hadi Voi, kisha ukapanda basi. Hiyo ni neema, kwani mama anachuma na huku watoto wako mbele ya macho yake.

Mnunuzi mmoja wa Mombasa aliagiza vikapu 12, kila kimoja shilingi 1,200, akalipa zote 14,400 kwa M-Pesa. Mzigo ulipofika alilalamika kuwa vikapu viwili rangi yake imepauka, si kama ilivyo kwenye picha. Mama akamwomba radhi. Yule bwana akataka arudishiwe fedha zote, na vikapu abaki navyo. Alipoambiwa hilo haliwezekani, lugha ikabadilika. Ujumbe ukaanza kuingia usiku wa manane: anajua mama anakaa wapi, atamtumia mumewe maneno ya kumvunjia heshima, atasambaza picha yake akiwa na binti yake, ile aliyoiweka kwenye WhatsApp.

Mama akaogopa. Akamtumia 3,000, akidhani yamekwisha. Baada ya siku tatu akatakiwa nyingine, akatoa 3,000 tena katika fedha za karo. Siku tisa hakumwambia mtu, na kila ujumbe wa matusi ulipoingia aliufuta upesi, mtoto asije akauona. Wifi yake ndiye aliyegundua, akamleta kwetu baada ya swala ya Ijumaa. "Sheikh, tumekuja na shida ya aibu," alisema. Tukamjibu, "Aibu ni ya aliyetenda, mwanangu. Huyu hana aibu yoyote."

Dai ni haki, kitisho ni dhulma

Tuliketi na simu ile tukausoma ujumbe uliobaki, mmoja baada ya mwingine, tukaugawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni dai: vikapu viwili vimepauka. Fungu la pili ni vitisho. Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo zima, kwa sababu mama alikuwa ameyachanganya. Kwa kuwa alijua ana kosa katika vikapu viwili, alijiona hana haki ya kulalamikia vitisho.

Katika Hadithi Sahihi tunasimuliwa kuhusu mtu aliyekuwa akimdai Mtume (S.A.W.) ngamia. Alikuja akadai kwa maneno makali, hata Masahaba wakataka kumkabili. Mtume akawazuia, akawaelewesha kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru apewe ngamia bora kuliko yule aliyemdai. Basi mnunuzi akifoka kwa kuwa kitu alichouziwa kina kasoro, tumvumilie na tumpe haki yake upesi. Ukali wake hauondoi haki yake.

Lakini Mtume huyo huyo amekataza Mwislamu kumtia hofu Mwislamu mwenzake, hata kwa mzaha. Kwa hiyo anayetisha kusambaza picha ya mama na mtoto ametoka kabisa katika mlango wa biashara. Kasoro ya kikapu haimpi ruhusa hiyo, na fedha anazotoa mtu kwa hofu si malipo ya deni. Mwenye kuzichukua amekula haramu.

Fikihi nayo imeuweka wazi mpaka wa dai. Mnunuzi akikuta aibu katika bidhaa ambayo hakuijua wakati wa kununua, ana khiyari: airudishe apewe fedha zake, au akubaliane na muuzaji wapunguziane bei. Kubaki na mali na fedha kwa pamoja hakumo.

Basi tulipiga hesabu. Vikapu viwili ni 2,400. Bwana yule alikuwa amekwisha kupokea 6,000. Mama akamwandikia ujumbe mmoja wa adabu: ama arudishe vikapu vyote 12 na amaliziwe fedha zake zote, ama abaki navyo na ile 2,400 iwe ndiyo punguzo, kisha arejeshe 3,600 iliyozidi, na vitisho vikiendelea, jambo litapelekwa kwa vyombo vya sheria. Baada ya hapo hakumjibu tena neno.

Sheria iko upande wa aliyetishwa

Wengi hawajui kwamba Kenya ina sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao. Kifungu chake cha 27 kinamhusu anayemtumia mwenziwe ujumbe wa kumtia hofu ya kudhuriwa mwili au mali, au ujumbe mchafu wa kuchukiza. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Aliyeonewa anaweza pia kuomba mahakama imwamuru mshtakiwa akome.

Lakini sheria hutaka ushahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Tuufuate mwongozo huo hata kwenye simu:

Usifute ujumbe, hata uwe mchafu namna gani. Piga skrinishoti inayoonyesha namba, tarehe na saa, umtumie mtu unayemwamini akuhifadhie. Ukishahifadhi, ndipo umzuie mtu huyo asiweze kukuandikia.

Weka ujumbe wa M-Pesa na risiti ya mzigo. Kabla ya kutuma bidhaa, ipige picha ilivyo, pamoja na kasoro yake kama ipo.

Usirudishe tusi kwa tusi. Nalo litasomwa mbele ya hakimu.

Usilipe kitisho. Anayelipwa mara moja hurudi, kama alivyorudi kwa mama yetu.

Usikubali kukutana naye peke yako, wala usimwelekeze nyumbani.

Ripoti kituo cha polisi ukiwa na mahrimu wako au dada yako, na usiondoke bila namba ya OB. Unaweza kuomba kuhudumiwa kwenye dawati la jinsia. Hatari ikiwa mlangoni, piga 999 au 112. Namba 1195 hupokea bure, usiku na mchana, simu za wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia.

Na kwa anayeanza biashara leo: tenga laini ya simu ya kazi, na mahali pa picha yako weka picha ya bidhaa. Picha za watoto zibaki kwa jamaa.

Neno kwa waume na wazazi

Mume wa mama huyu tulimwita siku ile ile. Aliusoma ujumbe kimya, kisha akamuuliza mkewe kwa nini alimficha. Mama akasema, "Niliogopa utaniambia niache kuuza." Yule bwana akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Ni kweli, ningekuambia hivyo."

Waume wenzetu, hapo ndipo mtishaji anapopata nguvu. Hakuwa na silaha yoyote isipokuwa hofu ya mke kwa mumewe. Mwanamke akijua kuwa siku atakayoleta shida atanyang'anywa riziki yake au atatiliwa shaka heshima yake, ataificha, na mtu wa mbali ataitumia siri hiyo kumkamua. Mke au binti akikujia na habari kama hii, kwanza mwambie amefanya vyema kukuambia. Maswali yafuate baadaye.

Mume na mke walikwenda kituoni pamoja, taarifa ikaandikwa. Ushahidi ulipungua kwa ule ujumbe uliofutwa, lakini uliobaki ulitosha kufungua taarifa. Vitisho vimekoma. Zile 3,600 hazijarudi hadi tunapoandika haya, na tunamkumbusha aliye nazo kuwa deni halifutwi kwa kuzima simu. Mama anasuka na anauza, na sasa mumewe ndiye anayepeleka mizigo kwenye matatu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu, azibariki biashara za mama na dada zetu, na awatoe hofu wote wanaotishwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.