Muwasho Usioisha Una Chanzo Chake

Muwasho ukipita wiki 6 madaktari huuita sugu. Huo hauponi kwa kubadilisha sabuni. Sharti utafutiwe chanzo.

Katika nyumba zenye msongamano, ziwe za Mazimbu au Morogoro mjini, chanzo cha kawaida ni upele. Kidudu kidogo mno huchimba ngozi na kutaga mayai, hasa baina ya vidole na kiunoni, na muwasho huzidi usiku. Dawa ya kupaka iitwayo BBE huponya, mradi uulize kipimo cha watoto. Kosa letu ni kumtibu mtoto mmoja tu, ilhali aliyeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kujikuna. Basi nyumba nzima ipake siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto.

Kwenye milima ya Uluguru na Mahenge uko pia usubi. Inzi weusi wazaliao katika mito iendayo kasi hueneza minyoo inayowasha ngozi na hatimaye kupofusha macho. Tangu 1987 kampuni ya Merck hutoa bure vidonge vya ivermectini. Vikigawiwa, anayeruhusiwa na avimeze hata kama hajikuni.

Na mwili ukiwasha bila vipele, huenda shida ni ini au figo. Mafuta ya dukani hayatasaidia. Nenda hospitali ukapimwe damu.