Unyevu wa Kindu na gunia la pumba: jinsi ya kuhifadhi chakula kikavu cha simbilisi bila friji

KINDU, Maniema – Katika mji huu ulio kando ya mto Kongo, ambao huku juu watu huuita Lualaba, unyevu humwibia mfugaji wa simbilisi zaidi ya paka na mwizi. Gunia la pumba lililonunuliwa likiwa safi huanza kunuka mafuta yaliyochacha baada ya muda mfupi. Mahindi yaliyowekwa kwenye kona ya nyumba huota ukungu wa kijani, nayo karanga zilizobaki hujaa wadudu. Mwenye mifugo asipokuwa makini, hasara huonekana kwanza bandani: wanyama hawali, manyoya yanasimama, majike yanatoa mimba.

Simbilisi, ambao wengi mashariki mwa Kongo huwaita kobayi kwa jina lililotoka Kifaransa, ni akiba ya familia maskini. Hawahitaji shamba. Hukaa jikoni au kwenye banda dogo, hula majani na mabaki ya chakula, na jike hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili hivi, kisha huzaa watoto wawili hadi wanne. Watafiti wa kituo cha kilimo cha CIAT waliofanya kazi Kivu Kusini walieleza faida nyingine inayoeleweka vizuri katika eneo la vita: mnyama mdogo ni rahisi kumficha, na familia inapokimbia inaweza kumbeba. Nyama yake humpa mtoto protini, na akiuzwa husaidia kulipa daftari au dawa.

Ndiyo maana chakula kilichoharibika si jambo dogo. Wanyama kumi wakifa katika wiki moja, akiba ya miezi kadhaa imekwenda.

Kwa nini pumba huchacha

Maniema ni nchi ya mpunga. Zao hilo lilienezwa hapa katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliokuwa na ngome zao Kasongo na Nyangwe. Kwa hiyo pumba za mchele ni chakula cha mifugo kinachopatikana kwa urahisi karibu na mashine za kukoboa.

Tatizo ni kwamba pumba laini zina mafuta mengi. Mpunga unapokobolewa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengana na mafuta hayo hukutana nayo na kuanza kuyavunja. Katika joto na unyevu kazi hiyo huenda kasi, na ndani ya siku chache ladha huanza kubadilika. Viwanda vikubwa huzuia hali hiyo kwa mvuke au joto kali mara tu baada ya kukoboa. Nyumbani, kukaanga pumba kwenye sufuria kavu bila mafuta, huku zikikorogwa ili zisiungue, husaidia kuchelewesha uharibifu. Njia rahisi zaidi ni kununua kidogo kidogo, kiasi cha kuisha ndani ya wiki moja au mbili.

Kugandisha kunasaidia nini?

Ulaya na Marekani, watu wanaofuga chinchila, mnyama wa milima ya Andes aliye jamaa wa mbali wa simbilisi, hununua chakula cha vidonge kwa wingi na kuweka sehemu yake kwenye friji la kugandisha. Chinchila mwenyewe asingeweza kuishi vizuri Kindu: amezoea baridi na hewa kavu, na joto linalozidi nyuzi 27 linaweza kumdhuru. Lakini swali la chakula chake ni lilelile.

Kugandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku kadhaa huua wadudu wa nafaka pamoja na mayai yao. Pia hupunguza kasi ya mafuta kuchacha na vitamini kupotea. Lakini ukungu haufi, hulala tu. Na sumu ambayo ukungu umekwisha kuitoa haiondoki kwa baridi, wala kwa kuchemshwa.

Kuna hatari nyingine. Chakula baridi kikifunguliwa kwenye hewa ya Kindu, maji hujikusanya juu yake kama yanavyojikusanya kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Chakula kilichokuwa kikavu hulowa. Anayegandisha anapaswa kukigawa katika mifuko midogo iliyofungwa vizuri, na kuuacha kila mfuko ukiwa umefungwa mpaka upate joto la chumba. Umeme ukikatika mara kwa mara, barafu ikiyeyuka na kuganda tena, friji hugeuka kuwa chumba cha kuzalishia ukungu. Kwa familia nyingi za mji huu zisizo na umeme wa uhakika, friji si jibu.

Kausha, poza, funga

Jibu ni kukausha vizuri na kuziba hewa. Mahindi yanahifadhika salama yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo anaweza kutumia chumvi. Weka chumvi kavu kidogo kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ongeza punje za mahindi, funga, tikisa, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yanatakiwa kurudi juani.

Uanikaji ufanyike juu ya turubai au jukwaa, si juu ya udongo. Nafaka ikitoka juani iachwe ipoe kwanza. Ikifungwa ikiwa na joto, hutoa jasho ndani ya chombo na kuoza.

Kisha chakula kiingie kwenye bidoni safi na kavu, kijazwe mpaka juu na kifuniko kikazwe. Wadudu waliobaki humaliza hewa ya oksijeni na kufa. Mifuko ya PICS, inayotumika katika nchi nyingi za Afrika, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia moja la kufuma. Vyombo viwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na jua, na tarehe iandikwe ili cha zamani kitumike kwanza.

Chakula chenye ukungu kisichanganywe na kizuri kwa kuona hasara. Sumukuvu, inayotolewa na ukungu wa mahindi na karanga, huharibu ini, na simbilisi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi. Haimwachi binadamu pia: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliwaugua watu 317, na 125 kati yao walikufa. Kwa hiyo mahindi yaliyokataliwa mezani yasipelekwe bandani.

Kikavu peke yake hakitoshi

Hata chakula kikavu kilichohifadhiwa vizuri kina upungufu. Kama binadamu, simbilisi hawezi kutengeneza vitamini C mwilini mwake. Mwaka 1907 watafiti wa Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, na wanyama hao wakapata kiseyeye, ugonjwa uliowaua mabaharia kwa karne nyingi.

Vidonge vya dukani huongezwa vitamini hiyo, lakini huipoteza. Hata vikihifadhiwa mahali pakavu na penye ubaridi, huhesabiwa kuwa vya kutegemewa kwa siku 90 hivi tangu vitengenezwe. Mzigo unaofika Kindu kwa reli ya kutoka kusini au kwa barabara mbovu za mashariki unaweza kuwa umemaliza sehemu kubwa ya muda huo njiani, tena katika joto. Anayenunua aangalie tarehe ya kutengenezwa kabla ya kulipa.

Hapa mfugaji wa Kindu ana nafuu kuliko yule wa Ulaya. Majani mabichi yapo mwaka mzima: lengalenga, matembele, nyasi. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Fungu la majani mabichi lililooshwa, kila siku, ndilo linalomlinda simbilisi dhidi ya kiseyeye. Dalili zake ni kuchechemea, viungo kuvimba na kukataa kula, na zinaweza kuonekana ndani ya wiki mbili tangu majani yakosekane.

Pumba na mahindi vibaki nyongeza, hasa kwa majike yenye mimba na yanayonyonyesha. Na bidoni ikifunguliwa, inuswe kwanza. Ikitoa harufu ya ukungu au ya mafuta yaliyochacha, kilichomo kifukiwe mbali na banda na mbali na kuku.