Kyela au Kiela? Athari za Kiswahili katika Matamshi ya Majina ya Mahali kwenye Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Wanaisimu wa Tanzania wamezoea kuchunguza athari za lugha za jamii katika Kiswahili cha wazungumzaji wake. Makala hii inageuza mwelekeo huo. Kwa kutumia majina ya mahali ya Wilaya ya Kyela na maeneo jirani ya Rungwe, inaonesha kwamba mgeni anayeyatamka majina hayo hufuata kanuni za Kiswahili, na kwamba tofauti kati yake na mwenyeji inatabirika. Hoja kuu ni kwamba sauti ngeni hubaki thabiti pale zinapofanana na kiambishi anachokijua mgeni, na huyumba penginepo.

1.0 Utangulizi

Watu wengi walio mbali na Mkoa wa Mbeya hulijua jina Kyela kabla ya kufika huko, kwa sababu ya mchele. Wengi wao hulitamka kwa silabi tatu: Ki-e-la. Mzungumzaji wa Kinyakyusa hulitamka kwa silabi mbili, kye-la, na irabu ya silabi ya kwanza huwa ndefu. Katika matamshi yote mawili mkazo huangukia e. Huenda ndiyo maana tofauti hii hupita bila kujadiliwa.

Katika makala hii, mwenyeji ni mzungumzaji wa Kinyakyusa kama lugha ya kwanza, na mgeni ni yule aliyelipokea jina kupitia Kiswahili, awe mtumishi wa umma, mfanyabiashara wa kakao au abiria anayeelekea mpakani. Mgawanyo huu una mipaka yake. Kinyakyusa kina lahaja kadhaa, na upande wa mashariki wa Matema, katika kijiji cha Ikombe, wapo wafinyanzi wanaozungumza Kikisi. Hata hivyo, unatosha kwa hoja inayojengwa hapa.

2.0 Mifumo miwili ya sauti

Mwaka 1899 Carl Meinhof aliiweka lugha aliyoiita Kikonde, yaani Kinyakyusa, pamoja na Kiswahili miongoni mwa lugha chache alizozitumia kueleza sauti za lugha za Kibantu. Ulinganisho huo ungali na manufaa. Kiswahili kina irabu tano. Kinyakyusa kina saba: pamoja na i, e, a, o, u zipo irabu mbili za kati, ɪ iliyo baina ya i na e, na ʊ iliyo baina ya u na o. Aidha, urefu wa irabu katika Kinyakyusa hubadili maana, na irabu hurefuka baada ya kiyeyusho kinachofuata konsonanti, na pia kabla ya nazali iliyoungana na konsonanti, kama katika Ipinda.

Kwa upande wa konsonanti, Kinyakyusa hakina r; kina l pekee. Sauti inayoandikwa b huwa kipasuo kamili baada ya nazali tu, kama katika jina la mto Mbaka. Penginepo, midomo husogeleana bila kufungana. Kwa hiyo b ya mwenyeji katika Busale si b ya Kiswahili. Jina la kata ya Mababu, kwa mgeni, ni neno la Kiswahili tayari, naye hulitamka kwa b ya babu bila kusita.

3.0 Kiyeyusho: Kyela, Lufilyo na Nyakyusa

Katika Kiswahili, kiambishi ki- kikikutana na irabu hutoa matokeo mawili. Katika chakula na chombo, ki- hugeuka ch-. Katika kiatu, kiazi na kielelezo, i hubaki na kuunda silabi yake. Kanuni ya kwanza ingetupa *Chela, lakini mgeni hachagui njia hiyo. Hufuata njia ya kiatu, kwa kuwa ndiyo inayohifadhi umbo lililoandikwa huku ikiondoa mfuatano wa ky, ambao Kiswahili hakina. Majina Kyerwa na Kyaka ya Mkoa wa Kagera hukabiliwa na hali hiyo hiyo.

Jina la mto Lufilyo, unaoingia katika Ziwa Nyasa, linathibitisha kwamba suluhisho hili si la wazungumzaji wa Kiswahili peke yao. Katika ramani mto huo huandikwa pia Lufirio. Silabi lyo imepasuliwa kuwa ri-o, kama vile kye ilivyopasuliwa kuwa ki-e.

Jina la watu wenyewe, hata hivyo, hupokelewa kwa njia tofauti. Katika Kiswahili cha mazungumzo husikika Wanyakusa, ambapo kiyeyusho kimedondoshwa. Kwa nini Kyela isiwe *Kela? Jibu linalopendekezwa hapa ni la kimofolojia. Mwanzoni mwa neno, ki- hufanana na kiambishi cha ngeli ya 7, hivyo mgeni ana sababu ya kuilinda i yake. Katikati ya -nyakyusa hakuna kiambishi anachokitambua, na kiyeyusho hupotea kwa urahisi.

4.0 Irabu: Itungi au Itunge, Kasumulu au Kasumulo

Hoja hiyo hiyo inaeleza kuyumba kwa irabu. Bandari inajulikana kuwa ya Itungi, ilhali kata huandikwa Itunge. Kituo cha mpakani na Malawi huandikwa Kasumulu na pia Kasumulo. Mabadiliko ya i na e, u na o ndiyo hasa yanayotarajiwa pale ambapo mfumo wa irabu tano unalazimika kuiandika ɪ au ʊ. Linalovutia ni mahali yanapotokea: mwishoni mwa neno, penye silabi isiyo na mkazo na isiyo kiambishi. Kinyume chake, Busokelo, Bujonde na Lufilyo huanza na viambishi vyenye ʊ, lakini hayaandikwi kwa Bo- wala Lo-. Viambishi bu- na lu- vinajulikana katika majina mengi ya nchi, na mazoea hayo huikamata irabu isiyumbe.

5.0 Nani mwenye lafudhi?

Mwenyeji akisema Lungwe badala ya Rungwe, huambiwa kuwa lugha yake ya kwanza imemharibia Kiswahili. Lakini r hiyo haikutoka katika Kinyakyusa. Ililetwa na walioyaandika majina. Kituo cha Wamoraviani ambacho Wajerumani walikiandika Rutenganio ndicho Lutengano ya leo. Jina hili lina funzo la ziada. Katika Kinyakyusa ulutengano ni amani. Mgeni, kwa sikio la Kiswahili, husikia ndani yake utengano. Hivyo matamshi yanaweza kukaribiana sana huku maana zikielekea pande mbili zinazopingana.

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili kwa ufundishaji. Mwanafunzi wa Kyela husahihishwa anapoitumia l mahali pa r, ilhali mwalimu wake mgeni anayesema Ki-e-la hasahihishwi na yeyote. Yote mawili ni matokeo ya mchakato mmoja: lugha ya kwanza kuyapanga upya maneno ya lugha nyingine. Kuliita moja kosa na jingine sanifu ni uamuzi wa kijamii unaovaa vazi la isimu.

6.0 Hitimisho

Makala hii haipendekezi kwamba wageni walazimishwe kutamka irabu saba. Kiela ni tamko halali la Kiswahili, lenye kanuni zake. Linalopendekezwa ni kwamba kamusi na orodha za majina ya mahali ziweke, kando ya tahajia rasmi, matamshi ya wenyeji yanayotofautisha ɪ na i, ʊ na u, pamoja na urefu wa irabu. Bila kumbukumbu hiyo, msomaji wa baadaye atakayezikuta Kasumulu na Kasumulo katika nyaraka mbili hatakuwa na namna ya kujua kama ni mahali pawili au ni irabu moja iliyokosa herufi yake.